Niliacha kazi nikiwa na miaka 46, sasa nahesabu pesa mke wangu akiwa amelala

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 49. Nina mke na watoto wawili, wa kwanza ni binti wa miaka 16 na mdogo wake wa kiume ana miaka 12. Nimesoma majibu yako kwa wengine kwa muda mrefu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami nitakuandikia. Nilijiona mtu aliyekwisha kuyapanga mambo yake.

Nilifanya kazi ya uhandisi wa mitambo kwa miaka 22. Tangu nikiwa na miaka 30 nilijiwekea lengo moja: nikishakuwa na akiba inayolingana na matumizi ya nyumba yetu ya miaka 25, naaga. Sikubadilisha gari, sikuhama nyumba, na kila nyongeza ya mshahara niliipeleka kwenye akiba kabla mfuko haujaizoea. Mke wangu alinielewa, tukajibana pamoja. Nilipofika miaka 46, na kiinua mgongo kikiwemo, hesabu ikatimia. Wenzangu wakaniandalia sherehe ya kuniaga. Mkuu wetu alisimama akasema mimi ni mtu wa kwanza kumwona akiiacha kazi kabla kazi haijamwacha. Watu walipiga makofi, na mke wangu alilia kwa furaha.

Asilimia 60 ya akiba iko kwenye mfuko wa hisa, 30 kwenye hatifungani, yaani fedha unazoikopesha serikali au kampuni kwa riba, na 10 niliiweka benki. Tulikubaliana kwamba akiba yangu iendeshe nyumba, na mshahara wa mke wangu ulipie masomo ya watoto na akiba yake ya uzeeni. Yeye amebakiza miaka tisa kustaafu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu, sitaki kudanganya. Nilisafiri na watoto, nikabadilisha paa lote la nyumba, nikalala mpaka jua linachoma dirishani. Jambo ambalo sikulihesabu ni bima ya afya. Miaka yote ililipwa na mwajiri, na nilipoanza kuilipia mwenyewe kwa watu wanne, nilishtuka. Mwaka huohuo mdogo wangu akaniomba mtaji wa biashara. Nilimpa fedha sawa na matumizi yetu ya nusu mwaka. Biashara ilikufa baada ya miezi minane, na tangu hapo tukikutana tunazungumzia mpira. Hizo zote, pamoja na paa, zilitoka kwenye fedha za benki. Zilizobaki benki nikaziita za dharura, nikaapa kutozigusa.

Mwaka wa pili soko la hisa likaanguka kwa moja ya tano. Mimi huku kila mwezi nauza hisa ili nyumba iende. Mwaka wa tatu soko limerudi kidogo, lakini bei za vitu nazo zimepanda. Leo nikichukua akiba yote nikaigawa kwa tunachotumia sasa, napata miaka 17. Nilianza na 25, Mama. Miaka mitatu tu.

Kengele ya simu ya kuniamshia kazini sikuwahi kuizima. Inalia saa 11 alfajiri kama zamani, naizima haraka kabla mke wangu hajageuka, nachukua daftari la mistari ya mraba na penseli, naenda kukaa sebuleni gizani na mwanga wa simu. Napiga hesabu ileile. Nabadilisha asilimia, nafuta, naandika tena. Ukurasa wa kwanza nimeufuta mpaka umetoboka. Mke wangu akiamka ananikuta nimeshaliingiza daftari chini ya mto wa kochi. Tangu soko lianguke huwa ananiuliza, “Tuko sawa?” Namjibu, “Tuko sawa.”

Kuna na haya mengine, ambayo naona hata aibu kuyaandika. Ndugu na majirani wameshazoea kuniambia “wewe si upo tu”, kwa hiyo kila mgonjwa wa kupelekwa hospitali, kila fundi wa kusimamiwa, ni mimi. Mke wangu anarudi jioni amechoka, ananikuta nimekaa, hasemi kitu, lakini mlango wa kabati anaufunga kwa nguvu. Mwezi uliopita mwanangu alikuwa akijaza fomu ya shule. Akaniuliza, “Baba, hapa kwenye kazi ya mzazi niandike nini?” Nilichelewa kujibu. Akaacha pengo, akaenda mstari unaofuata.

Sasa kazini kwa zamani wamenipigia. Wanataka mtu wa kuwafundisha wahandisi wapya, siku tatu kwa wiki, mkataba wa mwaka mmoja. Malipo yake, baada ya kodi, yanafika nusu ya matumizi yetu ya sasa. Nimeomba wiki mbili za kufikiri. Nitapitaje kwenye lango lile baada ya makofi yale? Na nikikubali, mke wangu ataniuliza kwa nini, na hapo yote yatafumuka.

Je, nilikosea kustaafu? Nirudi? Na nimwambieje?

Mstaafu asiyelala


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na penseli, maana mimi nilikuwa mhasibu kwa miaka 27 na siwezi kuziona namba nikazipita. Nitazirudia. Lakini umeuliza maswali matatu na la mwisho ndilo nitakaloanza nalo, kwa kuwa una wiki mbili tu na hilo haliwezi kungoja.

Mwambie mkeo wiki hii. Mwambie kabla hujawapigia kazini kuwajibu, asije akadhani unamletea habari ukiwa umeshaamua.

Nakuambia hivi kwa sababu njia unayopita nimeipita. Niliacha kazi nikiwa na miaka 52, nikamwambia mume wangu kwamba tumejitosheleza. Mwaka wa pili binamu yangu akanijia na shida, nikampa fedha, nikasema nitairudisha pole pole kutoka kwenye matumizi bila mtu kujua. Mume wangu aliijua kwa karatasi ya benki iliyokuja na barua nyingine, akaikuta mezani. Hakuniuliza habari za fedha. Aliniuliza ni mara ngapi tulikaa kula pamoja mimi nikiwa najua na yeye hajui. Sikuwa na jibu. Ameshatangulia mbele ya haki, na katika mambo tuliyosameheana hilo ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote. Fedha yenyewe tuliifidia ndani ya miaka miwili.

Wewe unamjibu “tuko sawa” tangu soko lianguke. Mwanangu, mwanamke huyu alijibana pamoja nawe miaka 16. Gari jipya ambalo hukununua, na yeye hakulipanda. Akiba hiyo kwenye barua umeiita “akiba yangu”. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe daftari unalo, umelikalia chini ya mto.

Sasa namba.

Lengo lako la miaka 25 halikutoka hewani, na huenda unajua lilikotoka, ila nataka tulitazame kwa karibu kwa sababu hapo ndipo pana tundu. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani anayeitwa William Bengen alichukua kumbukumbu za masoko ya hisa na hatifungani za nchi yake tangu mwaka 1926, akajiuliza mtu anayestaafu anaweza kuchota kiasi gani kila mwaka bila kuishiwa. Akaona kwamba aliyechota asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei tu, fedha zake zilidumu angalau miaka 30, hata kwa wale walioangukia vipindi vibaya. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, huko Texas, wakafanya hesabu ya jinsi hiyo na kufika karibu na palepale. Asilimia 4 ni moja ya 25. Ndiyo miaka yako 25.

Sasa angalia neno hilo: miaka 30. Hesabu ile iliwekewa mtu anayeondoka kazini na miaka 60 na kitu. Wewe uliondoka na 46. Ukijaliwa kufika 90, safari yako ni ya miaka 44. Ulibeba maji ya safari ya watu wengine. Wanaopanga kwa uangalifu safari ya miaka 40 na zaidi huanzia asilimia 3 au 3 na nusu, yaani akiba ya matumizi ya miaka 28 hadi 33. Tena hesabu ya Bengen ni ya Marekani, nchi ambayo soko lake la hisa limebahatika sana katika karne iliyopita. Japani soko lilifika kileleni mwishoni mwa Desemba 1989, na kipimo chake kikuu, Nikkei, hakikukivuka kilele hicho mpaka Februari 2024. Miaka 34. Kuna mtu alistaafu Tokyo mwaka 1990 na hakuna aliyemwambia.

Pili, unasema mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu na wa pili ndio ulioharibu. Mimi daftari langu linasema vingine. Mwaka ule mtamu mlitumia kupita mpango, nakisia kwa moja ya tano hivi, ukiweka safari, paa na bima. Juu yake mdogo wako akachukua matumizi ya nusu mwaka. Jumla ulichota karibu asilimia 7 ya akiba yote kabla soko halijaanguka hata siku moja. Bandu bandu huisha gogo, na wewe siku zile ulikuwa unakata kwa shoka. Sikusemi, mwanangu. Kila mstaafu niliyemjua mwaka wake wa kwanza ulikuwa hivyo, nami pia. Mtu aliyejinyima miaka 16 akifunguliwa mlango hatembei, anakimbia. Ila usiliweke lote mgongoni mwa soko, kwa kuwa ukifanya hivyo utakaa unalisubiri soko likuokoe.

Tatu ni lile la kuuza hisa. Chukua ndugu wawili, kila mmoja ana vipande 100, kila mmoja anachota vipande 5 mwisho wa mwaka. Wa kwanza anaanza na mwaka wa kushuka asilimia 20, kisha kupanda 10, kisha kupanda 30. Anabaki na 95 na robo tatu. Wa pili anapata miaka ileile mitatu lakini kinyume: kupanda 30, kupanda 10, halafu kushuka 20. Anabaki na 101. Wangekuwa hawachoti kitu, wote wangekuwa na 114 na ushee, sawasawa. Tofauti yao yote imetokana na kuchota wakati bei iko chini. Soko likishuka kwa moja ya tano linahitaji kupanda kwa robo nzima ili lirudi lilipokuwa, na hisa uliyoiuza ikiwa chini haipo tena pale kupanda na wenzake. Ndiyo maana miaka mitano ya mwanzo ya kustaafu inaogopwa kuliko ishirini inayofuata.

Na hapa nilitamani ningekuwa nimekaa karibu nawe nikushike mkono. Ulikuwa na asilimia 10 benki. Hayo ni matumizi ya miaka miwili na nusu. Fedha zile kazi yake ilikuwa hiyohiyo! Soko likianguka, unakula za benki, zikipungua unakula za hatifungani, hisa unaziacha zilale mpaka zipone. Wewe karibu robo yake uliitoa kwa ndugu na paa, na iliyobaki ukaiita ya dharura halafu dharura ilipokuja ukaapa kutoigusa. Naelewa kwa nini. Zile za benki unaziona namba yake haishuki, zinatuliza moyo. Lakini kuanzia sasa zipe jina jingine. Mimi zangu nimeziita “za miaka mibaya”, nimeandika hivyo kabisa juu ya kitabu, na mwaka mbaya ukija nazitumia bila kutetemeka.

Hali yako leo, basi. Una miaka 17 mkononi. Hata akiba yako isipoongezeka chochote kuishinda bei ya vitu, inakufikisha miaka 66. Ikikua kwa asilimia 3 juu ya mfumuko wa bei, inakufikisha kama 73. Hamfi njaa, na watoto watamaliza shule kwa mshahara wa mama yao kama mlivyopanga. Lakini unachota karibu asilimia 6 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo uzee wenu wa mbele hauna kitu. Kinachokukosesha usingizi ni kweli, si woga tu, na ningekudanganya kama ningekuambia ulale.

Kazi waliyokupa inaleta nusu ya matumizi. Uchotaji unashuka kutoka asilimia 6 hadi 3. Mkikaa na mkeo mkapunguza matumizi kwa asilimia 15, na nina hakika mwaka ule mtamu umeacha mazoea yanayoweza kupunguzwa, unachota asilimia 2. Hapo akiba inapata nafasi ya kupumua na kukua yenyewe. Mwaka mmoja hautoshi, nakwambia mapema. Hesabu kama miaka minne au mitano ya kazi nusu, hapa au pengine, mpaka binti amalize masomo na mkeo akaribie pensheni yake. Na yako je? Hukuitaja. Kama ulikuwa unachangia mfuko wa pensheni kwa miaka 22, nenda ukaulize wiki hii: utalipwa kuanzia umri gani, kiasi gani, na kama kuacha mapema kumepunguza. Mstaafu wa mapema husahau kwamba pensheni nyingi hukokotolewa kwa miaka ya michango, na miaka aliyopumzika haimo. Waulize pia hao waajiri kama mkataba wa siku tatu unaingia kwenye bima yao ya afya. Wakikubali bima, hata wakikupunguzia kidogo malipo, kaa chini upige hesabu kabla ya kukataa.

Umeuliza kama ulikosea kustaafu. Ulikosea hesabu ya muda, na ulikosea mwaka wa kwanza. Kustaafu kwenyewe, hapana. Mwanao wa kiume alikuwa na miaka 9 ulipoondoka. Umekuwa naye tangu hapo, miaka ambayo baba wengi huiona kupitia mlango wa chumba mtoto akiwa ameshalala. Hilo usimruhusu mtu alifute kwenye daftari, hata wewe.

Kuhusu lango na makofi. Siku niliyorudi kufanya kazi, asubuhi tatu kwa wiki, kuwaandikia wafanyabiashara wadogo vitabu vyao vya hesabu, nilikaa kituoni nikaacha magari mawili yapite. Niliona kila mtu ananijua. Nilipofika, yule bwana wa kwanza alikuwa na risiti za mwaka mzima ndani ya mfuko wa nailoni, amechanganyikiwa, na aliponiona akasema, “Afadhali umekuja.” Basi. Hakuna aliyeniuliza kuhusu sherehe yangu ya kuagwa. Wenzako walipiga makofi kwa dakika moja, wakarudi kwenye mambo yao, na sasa wana wahandisi wapya wasiojua kitu na wamekukumbuka wewe. Na wala huu umri wa kustaafu haukushuka kutoka mbinguni. Sheria ya pensheni ya uzeeni ya Ujerumani, ya mwaka 1889 wakati wa kansela wao Bismarck, iliweka miaka 70, na mwaka 1916 wakaishusha hadi 65. Ni watu walikaa wakaamua. Wewe nawe ukaamua 46, na sasa unaruhusiwa kukaa tena ukaamua nusu.

Ila sharti langu ni moja. Usirudi kwa ajili ya kukimbia nyumba. Nimesoma yale ya kabati na “wewe si upo tu”, na yamenigusa kuliko asilimia zote. Ulipanga fedha kwa miaka 16, siku zenyewe hukuzipanga hata jioni moja. Mtu akiwa na siku tupu, watu huzijaza kwa shida zao, na hawana ubaya, wanaona nafasi. Siku nne zitakazobaki zipangie mambo yako kabla hazijapangiwa, na siku mbili kati ya hizo wajulishe ndugu kwamba hupatikani. Na kuhusu mlango wa kabati: mkeo anatoka asubuhi, anarudi jioni, nawe uliyeamka saa 11 umekaa. Umejiuliza ni kazi gani za nyumba hii zingekuwa zako kabisa, bila yeye kukumbusha? Chagua zile anazozichukia. Usitangaze, fanya.

Mdogo wako: ile fedha iandike kwamba imetoka, uipigie mstari. Akirudisha siku moja, itakuwa zawadi. Ila mwambie, kwa maneno, kwamba humdai, maana ninyi wawili mnakaa na deni ambalo kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyelishika, na mpira hautawatosha miaka 30. Na kuanzia sasa wewe na mkeo wekeni kiasi cha mwaka cha kusaidia ndugu. Kikiisha mwezi wa tano, kimeisha mwezi wa tano, na atakayekuja wa sita utamwambia ukweli bila kumchukia.

Narudi kwa mkeo, kwa kuwa najua utakapomaliza kusoma hapa utaanza kutafuta namna ya kulipunguza makali jambo hili. Utataka kulinunua daftari jipya, uandike hesabu safi kwa kalamu, yenye mpango tayari chini yake, ili aone tatizo na dawa kwa pamoja. Usifanye hivyo. Mficha uchi hazai. Chukua lilelile la mistari ya mraba. Chagua siku ambayo kesho yake haendi kazini, watoto wakiwa wamelala, zima simu zote mbili. Mfungulie ukurasa ule uliotoboka. Mwambie, “Nimekuwa nikiamka saa 11 kufanya hivi, tangu soko lianguke, na kila uliponiuliza nilikujibu uongo.” Kisha nyamaza. Usianze kueleza habari za soko na mfumuko wa bei, hilo hatakuwa analisikia usiku huo.

Atakasirika. Huenda akalia, na safari hii si kwa furaha. Huenda akainuka akaenda kulala bila neno, nawe ukabaki sebuleni. Mwache. Asubuhi usijifanye hakuna kilichotokea, na usimharakishe kuhusu zile wiki mbili. Wapigie kazini uwaombe ya tatu kama inabidi, watu wanaokutaka watangoja siku saba. Na atakapokuja mwenyewe kukaa kando yako na kuuliza, “Haya, tunazo ngapi?”, lisogeze daftari mbele yake, na penseli umpe yeye.